Mashine ya mapipa mawili na shuka zangu, baada ya masika ya Wete

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Ukinunua mashine ya kufulia kwa ajili ya shuka, na unakaa Pemba, unacholipia ni pipa la kukamulia. Lile la kufulia lichukulie kuwa ni nyongeza ya dukani.

Najua wengi watabisha, kwa sababu matangazo yote yanazungumzia kufua: povu, weupe, harufu nzuri. Kufua tunajua. Mkono uliozoea unaing'arisha shuka ya sita kwa sita kuliko mashine yoyote niliyokwisha kuiona. Shida ya shuka inaanza baada ya kusuza. Shuka nzito ya pamba, hata ikikamuliwa na watu wawili uani, kila mmoja na ncha yake mpaka viganja vinawaka, bado inapanda kambani ikitiririka. Mwezi wa Aprili hujui jua litatoka saa ngapi wala litakaa kwa muda gani. Basi shuka inaanikwa, inaanuliwa mbio mbio mvua ikianza, inatundikwa juu ya mlango wa chumbani, na kesho yake inatoa ule uvundo ambao hata udi hauufichi. Ikiendelea kukaa mbichi inaota vidoa vyeusi vya koga, na hivyo vikishaingia kwenye nyuzi, shuka hiyo itandike kitanda cha ndani tu, wageni wasiione.

Mashine yangu ni ya kilo 7, mwili wa plastiki, mapipa mawili ubavu kwa ubavu. Haijijazii maji, unayamimina kwa ndoo au kwa mpira. Haihamishi nguo kutoka kufuliwa kwenda kukamuliwa, unazihamisha wewe. Kuna ndugu alinicheka, kwa nini nisinunue ile inayojiendesha yenyewe mwanzo mpaka mwisho. Ile inataka maji ya bomba yenye nguvu saa zote, na inataka umeme usikatike katikati ya kazi. Kwetu maji mara nyengine yanakuja usiku wa manane, tunajaza mapipa, mchana bomba linapiga mluzi. Ndoo haina habari na maji yametoka lini. Umeme ukikatika, nafungua mfuniko, nachukua shuka zangu, namalizia kwa mkono.

Niliinunua Unguja, Mlandege, kwa shilingi 380,000. Nauli ya mzigo kwenye boti mpaka Mkoani, wachukuzi, kisha gari mpaka Wete, yote juu yangu, na boksi lilifika limebonyea pembe moja. Chake Chake wanauza pia, na bei imepanda kidogo, lakini ukijumlisha nauli na roho juu juu, mnakutana pale pale. Leo ningenunua Chake.

Sasa hilo pipa la kukamulia. Kwenye kibandiko cha nyuma imeandikwa mizunguko 1,300 kwa dakika. Pipa ni jembamba, lina matundu pande zote. Likizunguka kwa kasi hiyo maji yanasukumwa nje ya kitambaa na kupita kwenye matundu. Mashine nyingi kubwa za kujiendesha, zile za kufunguliwa juu, hukamua kwa kasi ndogo kuliko hii, jambo ambalo wauzaji hawakwambii. Dakika tano, na shuka inatoka kama nguo iliyolala nje ikapigwa na umande. Hata siku ya mawingu, ukiwapo upepo, ikianikwa asubuhi inakuwa imekauka kabla ya alasiri. Kipindi cha kusi inakauka mpaka unashangaa.

Lakini lina masharti. Kwanza, zile kilo 7 za kwenye boksi ni za pipa la kufulia peke yake. La kukamulia ni kilo 4.6, na hiyo ni kwa nguo zikipimwa kavu. Kwa shuka za pamba za sita kwa sita mimi natia moja na foronya zake, au mbili ikiwa ni nyepesi. Pili, usiirundike upande mmoja. Ikunje kwa urefu, izungushe kufuata ukuta wa pipa, ishindilie chini sawasawa, halafu weka juu yake kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachokuja na mashine. Ukipuuza hapo, pipa linagonga kuta, mashine nzima inatetema na kutembea sakafuni, na jirani anachungulia kuuliza kuna nini.

Faida ya ukamuaji huu mama mkwe wangu aliiona kabla yangu. Msimu wa karafuu ua wetu si wetu tena. Majamvi yanatandazwa kila penye jua, karafuu zinaanikwa siku kadhaa mpaka zikauke na kubadilika rangi, na mtu yeyote mwenye kitu cha maji anaangaliwa kwa jicho la pembeni. Kamba yangu inapita juu ya majamvi. Miaka ya nyuma nilikuwa nasikia sauti kutoka barazani, "Mwanangu, shuka zako zinadondokea karafuu za watu," nami najibu, "Samahani mama, naziondoa." Naziondoa kwenda wapi? Juu ya uzio wa makuti, ambako zinarudi na vijiti na wadudu. Msimu uliopita alikuja mwenyewe kuzishika pindo, akazifinya, akaniambia, "Hizi hazina maji hizi. Ziache." Katika nyumba yetu hiyo ni ruhusa yenye mhuri.

Pipa la kufulia nalipa alama za wastani. Chini lina kile kisahani kinachozunguka kulia na kushoto. Nguo ndogo kinazimudu vizuri. Shuka kinaisokota ikawa kamba, na foronya na soksi za watoto zinanaswa ndani yake zikatoka zilivyoingia. Mbaya kuliko zote ni shuka zile zenye mpira pembeni, maana zinafanya mfuko na kumeza kila kitu. Dawa yake ni kutia shuka ikiwa imefunguliwa, kidogo kidogo, maji yakiwa ya kutosha, na kusimamisha katikati ya zile dakika 15 ukaiachanisha kwa mkono. Foronya zifue peke yake. Alama ya jasho inayokaa upande wa kichwani, isugue kwanza kwa sabuni ya mche, mashine haiifikii.

Sabuni ya unga ile ya kufulia kwa mkono inafaa, ila punguza. Tumezoea kupima usafi kwa povu, na povu likizidi kwenye pipa utasuza mpaka uchoke na ndoo zitaisha. Pipa langu linakunywa kama madumu mawili ya lita 20 kila linapojazwa, na kusuza ni vivyo hivyo, kwa hiyo maji ya sabuni siyamwagi baada ya mkupuo mmoja. Zinaanza shuka nyeupe, zinafuata za rangi zisizochuja, mwisho matambara na mikeka midogo ya mlangoni. Mashine ya kujiendesha haikubali mpango huu, inamwaga yote kila mara.

Jambo ambalo sijaona mtu akiliandika, nami nililiuliza siku ya kwanza: shuka ya mtoto aliyekojoa. Ukiitosa moja kwa moja, maji yote ya pipa yameshaingia najisi pamoja na kila kilichomo. Mimi naianzia uani kwanza, namimina maji safi juu yake mpaka najisi yenyewe iondoke, ndipo iingie kwenye mashine kama nguo nyengine. Inaongeza kazi, lakini moyo unatulia, na shuka za kusalia kando yake zinabaki na tohara yake.

Mashine hii haichemshi maji, na karatasi yake inakataza kumimina yaliyochemka kwa sababu ya plastiki. Kwa nyumba yenye mtu wa pumu hili si dogo. Wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho, wanaokaa kwenye magodoro na mito, hawafi kwa maji ya baridi. Wanataka nyuzijoto 60 au zaidi. Shuka na foronya za mwenye pumu naziroweka kwenye beseni kwa maji ya moto sana, yakipoa nasuza, na mashine inafanya ile kazi yake moja ya kukamua. Damu ni kinyume chake: maji ya baridi tu, ya moto yanaiganda kwenye nyuzi.

Madoa ya kwetu yana tabia zao. Udongo mwekundu wa hapa rangi yake ni ya chuma chenye kutu, kwa hiyo Jik haiufanyi kitu. Uache ukauke, ukung'ute na kuusugua kwa brashi, ndipo utie sabuni. Asumini zilizolala kitandani zikinyauka zinaacha alama za kahawia kwenye shuka nyeupe, zinatoka ukiwahi asubuhi ile ile. Hina haitoki. Bibi harusi atandikiwe shuka ya maua mekundu, tusidanganyane.

Na Jik yenyewe, kwa kuwa kila nyumba inayo: pamba nyeupe inaivumilia mara moja moja ikiwa imechanganywa na maji mengi, lakini ukiizoesha nyuzi zinalegea, na siku moja mguu unatoboa shuka usingizini. Zile za polista zinaweza kugeuka manjano badala ya kuwa nyeupe. Usiichanganye kamwe na siki wala na kitu chochote chenye asidi, inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Nasema hivi kwa sababu wifi yangu yuko Micheweni, kule kwenye mawe ya matumbawe, na yeye siki ndiyo inayomsaidia. Maji yao ya kisima yana chokaa. Sabuni ya mche haitoi povu, inafanya utando wa kijivu unaokaa kwenye shuka mpaka ikawa ngumu na kufubaa. Anatumia sabuni ya unga badala ya mche, na kwenye maji ya mwisho anatia siki nyeupe kiasi cha kikombe. Masika anakinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, na hayo hayahitaji siki wala kitu, povu linajaa kwa sabuni kidogo.

Shuka zenyewe nazo zina neno. Sokoni utaona pakiti imeandikwa pamba tupu na nyuzi 1,000, bei ya kutupa. Ishike. Ikiteleza na kung'aa, hiyo huenda ni polista. Inakauka upesi, haikunjamani, lakini usiku wa joto la kaskazi inakuchemsha, na mafuta ya mwili inayashika mpaka harufu inabaki hata baada ya kufuliwa. Pamba ya kawaida inashinda kwa kulalia. Kilichokuwa kinatufanya tuikimbie ni kukauka kwake kwa taabu, na hapo ndipo pipa la kukamulia limebadilisha hata ninachonunua dukani. Siku hizi naangalia pamba bila kuhesabu mawingu.

Umeme inaokula ni mdogo, injini ya kufulia haifiki wati 400, pasi yangu inakula zaidi ya mara mbili ya hapo. Tukuza, yaani mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, sijaona ikikimbia. Kelele ipo, wakati wa kukamua husikii redio. Vuli ilipokwisha, pipa la kukamulia liligoma: linavuma halizunguki. Fundi alifungua nyuma, akakuta kapasita imekufa, akabadilisha, na gharama yake haikuuma. Ila dukani waliniambia dhamana haihusu kitu hicho, kauli ambayo kwenye karatasi yao sikuiona. Nyengine ya kuangalia ni breki. Ukiinua mfuniko pipa linatakiwa lisimame ndani ya sekunde chache. Likianza kuchelewa, rekebisha haraka, khasa ukiwa na watoto wanaopenda kuchungulia, kwa sababu shuka inayozunguka inaweza kuuviringisha mkono.

Anayekaa peke yake na shuka mbili nyepesi, asihangaike, beseni linamtosha. Kwa nyumba ya vitanda vitatu kwenda juu, au anayelaza wageni, nasema nunua. Ukiwa dukani mwambie muuzaji awashe pipa la kukamulia likiwa na taulo lililoroa ndani, asikuoneshe likiwa tupu. Likiwa tupu zote zinazunguka vizuri. Halafu fungua boksi uhakikishe kile kifuniko kidogo cha plastiki kimo, maana nimekitafuta Wete na Chake kwa ajili ya jirani yangu, na peke yake hakiuzwi.