Nimekaa na CD nne za Ten Freedom Summers miezi miwili, haya ndo maoni yangu

Haya wadau, habari za saa hizi popote mlipo, karibuni sana. Mzigo wa leo ndo huu nimeushika, angalieni, boksi moja, ndani CD nne, unaitwa Ten Freedom Summers, kazi ya Wadada Leo Smith, mpiga tarumbeta na mtunzi wa Marekani, ulitoka 2012 kupitia lebo ya Cuneiform. Ukizipiga zote mfululizo ni kama saa nne na nusu, vipande 19, na hakuna hata sehemu moja mtu anaimba. Nalisema mapema kabisa ili mtu asije kununua akitegemea kwaya za kanisani au nyimbo za maandamano, hapa ni vyombo vitupu mwanzo mwisho.

Sasa kwa nini nimeuleta. Hii ni kazi kuhusu harakati za haki za raia kule Marekani, watu weusi walivyopigania kupiga kura, kusoma shule moja na wazungu, kukaa popote kwenye basi. Ile miaka kumi kwenye jina ni 1954 mpaka 1964, yaani kutoka Mahakama ya Juu ilipokataza ubaguzi mashuleni mpaka sheria ya haki za raia iliposainiwa. Na Smith siyo mtu aliyesoma mambo haya kwenye vitabu akavutiwa. Kazaliwa Leland, Mississippi, 1941. Mississippi yenyewe ile. Kipande cha kwanza kabisa alikitunga 1977 na ameendelea kutunga na kuongeza kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo unachokisikia humu ni mtu amebeba kitu tangu utotoni akawa anakitua kidogokidogo.

Najua swali litakuja, hii ni klasiki au ni jazi? Jamani ni vyote. Kuna makundi mawili. Moja ni bendi yake mwenyewe, Golden Quartet ambayo humu kuna wakati inakuwa watu watano, tarumbeta yake, piano ya Anthony Davis, besi ya John Lindberg, na ngoma za Pheeroan akLaff na Susie Ibarra. La pili ni Southwest Chamber Music ya kule California, hao ndo wa klasiki wenyewe, vayolini, chelo, kinubi, timpani, wana kondakta anaitwa Jeff von der Schmidt. Kuna vipande bendi inapiga peke yake, kuna vya hawa wa klasiki peke yao, na kuna ambavyo wote wanakutana, na mimi kwa maoni yangu hapo wanapokutana ndipo penye thamani ya boksi zima. Mwaka 2013 kazi hii iliingia fainali ya Pulitzer ya muziki, moja ya tuzo kubwa kabisa kule Marekani.

Kwa mtu wa kwetu anayeogopa muziki usio na maneno nitasema hivi. Kama umewahi kukaa kwenye taarab asilia Unguja unaijua bashraf, ile wanayopiga mwanzo kabla mwimbaji hajasimama, vayolini na qanun zinazungumza zenyewe na watu wanatulia wanasikiliza. Hakuna anayeuliza mbona hawaimbi. Sikio hilohilo ndo unalolihitaji hapa, ila uwe umejiandaa kwamba bashraf hii haina mdundo wa kukushika mkono, sehemu nyingine kunakuwa kimya kabisa sekunde kadhaa, halafu tarumbeta inatoa sauti moja tu ndefu, halafu kimya tena.

Mimi mara ya kwanza niliikosea. Niliiweka kwenye simu, spika ya simu, niko jikoni namenya ndizi, nikawa nasikia vipande vipande tu na nikaiacha. Nikairudia wiki iliyofuata usiku, na hedifoni, nimekaa chini. Ni kitu kingine kabisa.

Tuanze na kilichonikamata, CD ya kwanza, kipande cha tatu, kinaitwa Emmett Till: Defiant, Fearless. Emmett Till alikuwa mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, Agosti 1955 alikwenda likizo kwa ndugu zake Mississippi, akasingiziwa kwamba kamkosea adabu mwanamke wa kizungu dukani, usiku wakaja kumchukua kitandani, wakampiga, wakamuua, wakamtupa mto Tallahatchie. Mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lifungwe. Alitaka kila mtu aone walichomfanya mwanawe, na maelfu ya watu walipita pale Chicago wakaona. Waliomuua walipelekwa mahakamani wakaachiwa. Sasa sikieni hili, Emmett kazaliwa Julai 1941, na Smith kazaliwa Desemba 1941. Rika moja! Jimbo lilelile alilouliwa mwenzake, eneo lilelile la mashamba ya pamba, Smith ndo alikuwa anakulia. Nilipojua hilo ikabidi nirudie kipande chote upya.

Na hapigi kwa hasira, hicho ndicho kilichonishangaza. Nyuzi, yaani vayolini na chelo, zinakwenda polepole, tarumbeta inaingia kama mtu anayeingia msibani, unajua unavyoingia, unavua viatu, unakaa kwenye mkeka, huanzi kuongea. Mnakaa tu. Ukimya nao ni sehemu ya kuliwaza. Baadaye bendi inapanda na ngoma zinakuja juu, lakini ule mwanzo wa kukaa chini na marehemu ndio umebaki kichwani kwangu mpaka leo, na mimi nimezika mtoto kwenye ukoo wetu, najua ninachokisema.

Hicho kipande cha 1977 nilichotaja ni cha Medgar Evers, kipo CD ya tatu. Evers alikuwa mtu wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kule Mississippi, alizunguka vijijini kuandikisha watu wapige kura, akapigwa risasi mgongoni nje ya nyumba yake mjini Jackson usiku wa tarehe 12 Juni 1963. Aliyemuua alikuja kutiwa hatiani 1994, hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Na hapa kuna jambo ambalo watu wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijua, Evers alikuwa anafuatilia sana habari za Jomo Kenyatta, mpaka mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa 1953, alimpa jina la Kenyatta kama jina la katikati. 1953! Kenyatta mwenyewe yuko kizuizini wakati huo. Kipande ni cha upole mno, nyuzi zimetandazwa chini na tarumbeta juu yake, na kinafaa kusikilizwa peke yake, usikichanganye na kingine.

Tukiwa hukohuko Kenya, kipande cha Thurgood Marshall, CD ya kwanza. Huyu ndo wakili aliyeshinda kesi ya shule 1954, na 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Wachache wanajua kwamba 1960 alikuwa London kwenye mkutano wa Lancaster House akiwashauri wajumbe wa Kenya, akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba yao. Kama unataka pa kuingilia bila kuogopa ingia hapa, maana besi ya Lindberg ina mwendo wa bluzi unaoshikika, kichwa kitatikisika chenyewe.

Cha Malcolm X, yule mwanaharakati mweusi Mwislamu, kipo pia, kwa jina lake la Kiislamu, Malik Al Shabazz. Huyu alifika mpaka Dar es Salaam Oktoba 1964 na akaonana na Mwalimu Nyerere, miezi michache kabla hajauawa. Nilitamani sana nikipende hiki kipande kwa sababu hiyo, lakini kwa kweli bado hakijaniingia, kina kasi na vyombo vinagongana, labda siku nyingine.

Rosa Parks, yule mama aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, anafungua CD ya pili, na kwenye jina wameandika siku 381, ndizo siku watu wa Montgomery walizogoma kupanda mabasi, wakatembea kwa miguu kwenda kazini mvua na jua. Kizuri. Fannie Lou Hamer yupo CD ya nne. Mama huyu wa mashamba ya pamba alifukuzwa shambani 1962 kwa kujaribu kujiandikisha kupiga kura, 1963 akapigwa vibaya sana jela ya Winona, na mwaka uliofuata akasimama mbele ya kamera kwenye mkutano wa chama cha Democratic kule Atlantic City akaeleza yote. Alikuwa mwimbaji mkubwa wa harakati, ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo, na humu haimbi mtu, tarumbeta ndo inamwimbia. Kifupi kuliko nilivyotaka, ningempa dakika za ziada.

Kasoro. Mpangilio haufuati miaka, unaanza na Dred Scott wa 1857, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani akanyimwa, unaruka kwa Malcolm X, unarudi 1955, asiyeijua historia atapotea. Afu kuna vipande vya Septemba 11 na vyombo vya habari na safari za anga za Kennedy, mimi naona vinapoteza uzi, ningevitoa boksi likawa CD tatu. Na sauti inashuka chini sana halafu inapanda ghafla, ukiisikiliza kwenye daladala hutasikia nusu yake, kwa hiyo kama ni mtu wa kusikiliza barabarani usitoe hela.

Ila kama unayo nafasi, toa. CD ukizikosa, ipo ya kupakua mtandaoni, na ukistrimu chagua ubora wa juu hata kama bando linauma. Usijilazimishe saa nne zote. Anza na Thurgood Marshall, siku ya pili Emmett Till, siku ya tatu Medgar Evers, halafu kaa wiki nzima kabla hujafika kile cha mwisho cha CD ya nne, Martin Luther King, Memphis. King alikwenda Memphis kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma, jioni ya tarehe 3 Aprili 1968 akahutubia, kesho yake akauawa. Hapo makundi yote mawili yamekutana, ni kama dakika 20, na kuna mahali tarumbeta inabaki na nyuzi chache sana, ndogo mno. Feni uwe umeshaizima.