Nilipeleka kisu cha Mora kunolewa, nikarudishiwa chuma kilichoungua

Naandika hasira ikiwa bado ya moto. Kuna duka la kunoa visu hapa mjini, jina silitaji, linalonolea mahoteli na mabucha. Lina kaunta safi, lina risiti, lina mashine za maana. Nilipeleka kisu cha Morakniv, visu vya kazi vya Uswidi ambavyo wengi huviita Mora, ile aina ya Companion ya chuma cha kaboni, makali yakiwa yamelegea tu, hayana pengo wala kutu. Kimerudi kinang'aa, na kimeharibika. Kisu nakipa nyota tano. Huduma sina nyota ya kuipa.

Kwa asiyevijua visu hivi, hasara yenyewe haionekani mpaka uelewe watu wanavipendea nini. Kishike kisu cha Mora ukitazame kwa upande. Bapa limenyooka kutoka mgongoni, halafu karibu na makali linashuka kwa mteremko mmoja mpana mpaka kwenye ukingo. Hakuna mteremko wa pili ila, kwa vingine, ule mdogo sana wa kiwandani ambao jicho haliuoni bila lenzi. Kwenye Companion hii mteremko una upana wa milimita 5 hivi, na pembe ya takriban nyuzi 12 kila upande. Ukiulaza juu ya kinoo unakaa wenyewe. Vidole vinahisi pale ulipotulia. Hubahatishi pembe, huhitaji kifaa cha kushikilia kisu. Mtu ambaye hajawahi kunoa kitu maishani anafundishika jioni moja, na asubuhi anachonga mti mbichi bila kukwaruza.

Hicho ndicho kivutio. Bei ndogo ni nyongeza. Nimesoma wengi wakidai watu hununua Mora kwa sababu hawana hela ya kisu kikubwa, na si kweli: wapo wenye visu vya bei mara kumi yake ambao kinachoingia msituni kila safari ni Mora, kwa kuwa kikilegea wanakirudisha wenyewe juu ya jiwe la kawaida na maji ya mtoni.

Sasa sikia. Nilimwambia fundi wa kaunta, kwa upole kabisa: "Fundi, mteremko huu usiuongezee mwingine. Kilaze kwenye jiwe la maji, kisiguse grenda." Akanijibu bila kuinua macho: "Bosi, kisu ni kisu. Na hivi vya mpini wa plastiki havistahili jiwe la maji." Akakitupa kwenye beseni lenye visu vya bucha, makali kwa makali, chuma juu ya chuma. Ala ya kisu akanisukumia: "Baki nayo, inatujazia nafasi."

Kilichorudi ni hiki. Ukingo mzima una mteremko mpya wa milimita 1, wa nyuzi kama 25 kila upande, umewekwa juu ya ule wa kiwandani. Karibu na mpini kuna shimo ambapo gurudumu lilikaa muda mrefu kabla mkono haujaanza kutembea. Ncha imekuwa mviringo. Na wamekipitisha kwenye gurudumu la kung'arishia mpaka kinaakisi uso, jambo ambalo sikuliomba, na nilipokigeuza kwenye mwanga nikaelewa kwa nini. Juu ya mgongo wa ncha, pale gurudumu la kung'arishia halikufika vizuri, kimebaki kidoa cha buluu, kidogo kama punje ya mchele.

Buluu hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Chuma cha kaboni kikipata joto hubadilika rangi kwa mpangilio unaojulikana: kwanza njano ya majani makavu, kwenye nyuzi joto 220 hivi, kisha kahawia, kisha zambarau, na buluu inakuja karibu na 300. Kisu kama hiki kimetiwa matiko kiwandani, yaani kimepashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kikapunguziwa ukali wa ugumu kwa joto dogo kuliko hayo. Kila nyuzi inayozidi pale inaula ugumu wake, na ugumu ukishaondoka haurudi kwa kunoa. Ncha na ukingo ndivyo vinavyoungua mwanzo kwa sababu ni vyembamba. Joto halina chuma cha kulibeba. Inatosha sekunde moja au mbili za gurudumu kavu. Nayo rangi ni ngozi ya juu tu. Ukiifuta kwa gurudumu la kung'arishia, mteja haoni kitu, lakini chuma kilicho chini yake kimebaki laini vilevile. Walijua wameunguza, wakafuta.

Nilipokirudisha, yule yule fundi alichomoa karatasi ya risiti akaikata mbele yangu. "Si kinakata?" Kinakata ndiyo. Kisu chochote kilichotoka kwenye grenda kinakata karatasi, kwa sababu kwenye ukingo kumebaki utando mwembamba wa chuma uliojikunja, na utando huo una meno. Ukichonga kijiti kigumu mara mbili tatu, unalala upande mmoja na kisu kinakuwa butu kuliko kilipokwenda. Jaribio la karatasi halithibitishi kazi ya mtu. Tazama ukingo chini ya taa, makali yakikuelekea: makali ya kweli hayaonekani kabisa, na popote panapometa mstari mweupe hapajanoleka, au pana utando. Changu kilimeta kutoka mpini hadi ncha.

Kwa visu vya bucha labda hawana ubaya. Kisu cha kukatia nyama kinavumilia nyuzi 25, na muuza nyama anakigusa kwenye chuma cha kunolea kila baada ya mapaja mawili. Nilitaka kuwaachia sifa hiyo. Lakini hapana, siwaachii. Grenda kavu inaunguza kisu cha bucha pia. Muuza nyama analegeza makali wiki ile ile, anakirudisha, analipa tena, na hajui ni kwa nini.

Niseme na ya kisu chenyewe, maana nisije nikaonekana nimelewa mapenzi. Companion si kisu cha kila kitu. Mteremko huo ninaousifu ni kabari. Kwenye mti unapasua vizuri na kufuata nyuzi za mti, lakini kwenye karoti nene au kiazi unapasua badala ya kukata. Mgongo wake haukusagwa kona kali, kwa hiyo hautoi cheche nzuri kwenye kijiti cha chuma cha kuwashia moto. Inabidi uufunge kwenye jiliwa na kuupitisha tupa bapa sentimita 3 hivi karibu na mpini, mpaka ukucha ukwame ukiupitisha pale. Ukitaka mgongo ulio tayari, Garberg na Kansbol, visu vingine vya Morakniv, hutoka nao kiwandani. Msuka wa Companion, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, haufiki mwisho wa mpini. Kupasua kuni kwa kugonga mgongo kunawezekana kwa mti wa unene wa kifundo cha mkono, ulionyooka, usio na fundo, na ncha ikitokeza vidole viwili au vitatu ili upate pa kugonga. Zaidi ya hapo chukua Garberg, ambayo msuka wake unapita mpini mzima, au chukua shoka, ndiyo kazi yake.

Na hiki cha kaboni kinashika kutu. Ukikaa Mombasa, Tanga au Unguja, usikilaze ndani ya ala kikiwa na unyevu hata usiku mmoja, ingawa ala ina tundu la kutolea maji chini. Wengi hukipaka siki ya uvuguvugu kwanza, robo saa hivi, kinageuka kijivu, na kijivu hicho kinapunguza kutu nyekundu. Kisha mafuta kidogo. Asiyetaka kazi hiyo achukue kile cha chuma kisichoshika kutu. Makali yake yanatosha kwa wengi, na mimi simlaumu. Kwa hayo yote nilikuwa nataka kushusha nyota moja. Nne, basi.

Lakini nikikaa nikafikiri vilikotoka, nne inakuwa uchoyo. Vinatengenezwa Mora, katika jimbo la Dalarna nchini Uswidi, kando ya Ziwa Siljan, kwenye kijiji cha Östnor ambako ufundi wa chuma ni wa vizazi. Frost-Erik Erson alirudi kutoka Amerika Kaskazini akaanzisha karakana yake pale mwaka 1891, akitengeneza sleji, vyombo visivyo na magurudumu vya kukokotea magogo juu ya theluji, na visu vikaja kwa sababu kazi ilivihitaji. Mwaka 1912 ikaja karakana ya pili, ya KJ Eriksson. Mbili hizo ziliungana mwaka 2005, na jina Morakniv likachukuliwa na kampuni nzima mwaka 2016. Hadi leo Mswidi fundi wa ujenzi hukivaa mkandani, kinakata nailoni, kinakwangua gundi, na hakuna anayekistaajabia. Kisu kilichozaliwa kuwa cha kazi kina sababu ya kunoleka kirahisi, maana mwenye kazi hana muda wa kumtafuta mnoaji. Nairudisha ya tano.

Sasa namna ya kukirekebisha, kwa aliyetendewa kama nilivyotendewa. Kwanza, jua kilichoungua kimefika wapi. Chukua tupa ndogo ya meno laini, igusishe taratibu kwenye ukingo karibu na mpini, kisha katikati, kisha nchani. Penye chuma kigumu tupa inateleza na kulia kwa sauti nyembamba. Palipoungua inauma na kutoa unga. Changu kinateleza mpaka karibu na mpindo, pale makali yanapoanza kupinda kuelekea nchani, halafu kinaanza kuuma. Kwa hiyo sentimita moja na nusu ya mbele ndiyo iliyokufa, na ule mwili mwingine umepona.

Pili, mteremko wa grenda uondoke. Paka mteremko wote wa zamani wino wa maka peni, laza kisu kwenye jiwe la namba 220 (namba ndogo ni jiwe la kukwaruza zaidi) au bamba la almasi la 300, na sukuma kwa kubonyeza mteremko wenyewe, si ukingo. Wino utafutika juu kwanza, na ule mkanda wa milimita 1 chini utabaki mweusi. Usiinue kisu kuufuata! Hapo ndipo watu wanapokata tamaa na kuinua mkono, wakarudia kosa la fundi. Endelea hivyo hivyo mpaka weusi uishe wenyewe. Ni saa kadhaa za mkono, kwa sababu unaondoa karibu robo milimita ya chuma kila upande kwenye urefu wote, na mstari wa juu wa mteremko utapanda kama milimita moja. Kisu kitabadilika sura kidogo na hakitakuwa dhaifu. Maji yawepo muda wote. Hapa hakuna joto la kuogopa. Maji yanaosha unga ili jiwe lisizibe.

Angalia pia jiwe lenyewe. Likishaliwa katikati, mteremko unatoka na tumbo, na ule utulivu wa kukaa wenyewe unapotea. Lisawazishe kwa msasa wa namba 120 uliolazwa juu ya kioo, ukichora mistari ya penseli kwanza ili uone ilipobaki.

Wino ukiisha na utando ukionekana upande wa pili kutoka mpini hadi mpindo, nenda namba 1000, halafu 4000 kama unayo, ukipunguza mkono kila hatua. Unapofika kwenye mpindo inua mpini kidogo ili mteremko ubaki umelala, maana usipoinua ncha hainolewi. Malizia kwenye ngozi yenye dawa ya kung'arishia, mara kumi kila upande, ukivuta kwa nyuma tu. Anayechonga miti migumu kama mpingo au mkarati ainue kisu nywele moja juu ya jiwe la 4000 na kupitisha mara mbili kila upande, bila nguvu. Ukingo utavumilia na hautamegeka.

Ncha haiponi kwa jiwe. Inakatwa yote hadi pale tupa inapoanza kuteleza, na ncha mpya inatengenezwa kwa kuushusha mgongo kuelekea makali, kwa tupa na bamba la almasi na maji, bila mashine. Wengi hufanya kinyume: wanapandisha makali kukutana na mgongo, na hapo mteremko uliokwishapona unaharibika tena. Kisu kitakuwa kifupi. Sehemu ya nyuma niliyokwisha kuinoa inachonga mti mkavu na kutoa nyuzi nyembamba zinazojikunja, sawasawa na kilivyokuwa siku ya kwanza.

Ukilazimika kumpa mtu akunolee, muulize swali moja kabla hujatoa kisu kwenye ala: jiwe lako ni la maji au kavu? Akisema kavu, ondoka. Akikataa kukuonyesha, ondoka. Na ala uende nayo, kisu kiingie humo kabla hakijavuka kaunta.

Hela yangu ya kunolea nimeidai kwa maandishi, na thamani ya kisu juu yake. Risiti ninayo, na ule upande wenye buluu sijaugusa, ili wakikana wauone.