Bima ya afya: nyota mbili, zote za dawati la rufaa

Mama alilazwa kwa nimonia. Bima ikagoma kulipa, eti angeweza kutibiwa akitokea nyumbani. Mtu anapumulia oksijeni! Huduma kwa wateja ni ya hovyo: kila anayepokea simu anaanza upya, jina, namba ya uanachama, halafu "subiri kidogo". Nikaachana na simu, nikadai barua yenye kifungu walichokitumia kukataa. Daktari wake akakijibu kifungu hicho hicho kwa maandishi, tukakata rufaa kupinga uamuzi wao na kuambatanisha chati ya wauguzi: oksijeni kwenye damu imeshuka hadi asilimia 86, dawa za mshipani kila baada ya saa 8. Chati ndiyo iliyowabana. Watu wa rufaa, tofauti na wenzao, walisoma kweli. Wamelipa yote isipokuwa chumba cha peke yake, ambacho kwa haki hakimo kwenye mkataba.