Siku Moja Rameswaram: Tathmini ya Ziara ya Nyayo za Rais Abdul Kalam

Tulikuwa Madurai, kusini mwa India, kwa wiki tatu tukimuuguza mama mdogo aliyefanyiwa upasuaji wa macho. Daktari alipomtoa bendeji na kumtaka apumzike siku mbili, mimi na mjomba tukaona moja ya siku hizo tuitumie kwenda Rameswaram. Wakala mmoja wa matembezi, aliyekuwa na meza yake karibu na nyumba ya wageni tuliyofikia, alikuwa akiuza ziara ya siku nzima aliyoiita ya nyayo za Rais Kalam, yule mwanasayansi wa roketi aliyekuja kuwa Rais wa India: gari lenye kiyoyozi, dereva, mwongozaji anayezungumza Kiingereza na chakula cha mchana, kwa rupia 7,500 watu wawili. Jina la wakala huyo silitaji, kwa kuwa nimeitumia huduma yake mara moja tu, na huenda wengine wakapangiwa mwongozaji mwingine. Ninachokitathmini hapa ni ziara yenyewe: inaonyesha nini, inaruka nini, na kama inastahili fedha hizo.

Gari lilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri kama tulivyoahidiwa, tena likiwa safi. Kutoka Madurai hadi Rameswaram ni takriban kilomita 170, na Rameswaram ni kisiwa, kwa hiyo safari inaishia juu ya daraja la Pamban. Daraja la magari lilifunguliwa mwaka 1988. Pembeni yake lilijengwa la reli la mwaka 1914, ambalo halitumiki tena, na sasa lipo jipya la treni lililozinduliwa Aprili 2025, ambalo kipande chake kimoja hunyanyuliwa wima ili meli zipite. Tulipewa dakika kumi za kupiga picha, zikatosha.

Kituo cha kwanza ni Mtaa wa Msikiti, mahali ilipo nyumba ya familia ya Avul Pakir Jainulabdeen Abdul Kalam, aliyezaliwa mjini hapo tarehe 15 Oktoba 1931 na kufa tarehe 27 Julai 2015 akiwa katikati ya mhadhara mbele ya wanafunzi huko Shillong. Hii ndiyo sehemu bora ya ziara nzima, na hapa mwongozaji wetu alikuwa hodari kweli. Mtaa ni mwembamba, na hekalu kubwa la Ramanathaswamy halipo mbali kwa miguu. Alitueleza kwamba baba yake Kalam alikuwa mwenye mashua na pia imamu, na kwamba rafiki yake wa karibu alikuwa Pakshi Lakshmana Sastry, kuhani mkuu wa hekalu hilo, na wawili hao walikuwa na desturi ya kukaa pamoja wakizungumza mambo ya dini. Alitueleza pia jinsi treni zilivyoacha kusimama Rameswaram wakati wa Vita Kuu ya Pili, magazeti yakawa yanatupwa kwa mafurushi kutoka kwenye treni inayokwenda mwendo, na Kalam, akiwa mtoto wa shule, akapata kibarua cha kumsaidia binamu yake kuyaokota na kuyagawa. Ghorofani kuna makumbusho ya picha na tuzo. Ni vyumba vya kawaida vyenye watu wengi, kwa hiyo anayekuja na mzee amshike mkono kwenye ngazi.

Mjomba, ambaye ujana wake wote aliutumia kwenye mashua kule Pangani, hakukaa sana na picha. Aliposikia kwamba baba yake Kalam aliunda mashua ya kuwavusha mahujaji kati ya Rameswaram na Dhanushkodi, na kwamba kimbunga kiliivunja baadaye, aliomba tupelekwe ufukweni. Jambo hilo halikuwemo kwenye ratiba, lakini mwongozaji alikubali bila kinyongo. Tukakuta mashua ya mbao imepandishwa mchangani, fundi akiitia kalafati, akishindilia nyuzi kwenye maungio ya mbao kwa nyundo na patasi butu. Mjomba alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye maungio, akakunja uso kidogo, kisha akamtolea yule fundi ishara ya kidole gumba. Hawakuwa na hata neno moja la lugha ya pamoja. Kwangu mimi robo saa ile ilinisaidia kumwelewa Kalam, maana aliandika mwenyewe katika tawasifu yake ya mwaka 1999 kwamba utotoni alikuwa akiitazama mashua ya baba yake ikiumbika siku baada ya siku.

Baada ya hapo ziara ilianza kulegea. Njiani kuelekea kwenye kumbukumbu yake ya taifa, palipo kaburi lake, mwongozaji alisimulia maisha ya kazi ya Kalam kana kwamba mtu huyu hakuwahi kujikwaa: akasoma, akajiunga na mpango wa anga, akarusha satelaiti, akaunda makombora, akawa Rais. Mtu anayelipia ziara ya nyayo anastahili kuonyeshwa na pale mguu ulipoteleza. Ada ya kuingia Taasisi ya Teknolojia ya Madras, kama rupia 1,000, ilipatikana kwa dada yake Zohra kuweka rehani bangili na mkufu wake wa dhahabu. Alitaka kuwa rubani wa ndege za kivita, akaenda kusailiwa Dehradun, nafasi zikiwa nane, naye akashika namba tisa. Mwaka 1958 akaingia katika utafiti wa ulinzi, na miaka michache baadaye akahamia Thumba, kijiji cha wavuvi ambako kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena liligeuzwa kuwa ofisi za wanasayansi na sehemu za roketi zilibebwa kwa baiskeli. Hayo yote yalipita kwa sentensi mbili.

Kubwa lililorukwa ni la tarehe 10 Agosti 1979. Siku hiyo roketi ya SLV-3, ambayo Kalam alikuwa mkurugenzi wa mradi wake, ilirushwa kutoka Sriharikota. Kwa maelezo yake mwenyewe, kompyuta ilikuwa imesimamisha urushaji, naye, baada ya kushauriana na wataalamu wake, akaamua uendelee. Hatua ya kwanza ya roketi ilikwenda sawasawa, ya pili ikapoteza mwelekeo, na chombo kikaishia kwenye Ghuba ya Bengal badala ya angani. Waandishi wa habari walikuwa wakisubiri. Satish Dhawan, mkuu wa shirika la anga la India, aliingia mwenyewe kwenye mkutano ule, akabeba lawama na kuahidi kwamba mwaka ujao wangefaulu. Tarehe 18 Julai 1980 roketi ilifika, satelaiti ya Rohini ikawekwa kwenye njia yake, na safari hii Dhawan akamwambia Kalam akazungumze na waandishi yeye. Nilipomuuliza mwongozaji kwa nini alianzia mwaka 1980, alijibu kwa upole kwamba wageni hawapendi habari za kuanguka. Mimi nililipa rupia 7,500 na nilikuwa nazitaka.

Kumbukumbu ya taifa ipo Pei Karumbu, mahali alipozikwa tarehe 30 Julai 2015, na ilifunguliwa miaka miwili tangu siku ya kifo chake. Iliyoijenga ni taasisi ya utafiti wa ulinzi, ile ile aliyoitumikia kwa miaka mingi, na hilo linaonekana kwenye jengo: kuba lake limeiga la ikulu ya Delhi, na yapo maumbo ya roketi na makombora. Kuna pia sanamu yake akipiga veena, ala ya nyuzi aliyoipenda, na kaburi ambalo watu hulizunguka kimya. Ni mahali nadhifu na panapendeza, ila tulitengewa dakika 40 tu, na ningeongeza nusu saa nyingine. Mjomba alisimama mbele ya kombora kwa muda, kisha akanong'ona, "Mjomba, huyu mzee mpole hivi ndiye aliyeyaunda haya?" Ndiye. Alisimamia mpango wa makombora ulioanza mwaka 1983, kombora la Agni likarushwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na alikuwa mmoja wa viongozi wa majaribio ya nyuklia ya Pokhran ya Mei 1998. Mtu huyo huyo, akishirikiana na daktari wa moyo Soma Raju, alitengeneza kifaa cha bei nafuu cha kupanua mishipa ya moyo. Wageni wenye maswali ya namna hiyo wanahitaji mtu wa kuzungumza nao, na wetu alikuwa nje akiongea na simu.

Urais wake, uliodumu kuanzia 25 Julai 2002 hadi 25 Julai 2007, ulielezwa kwa maneno mawili tu: Rais wa Wananchi. Jina hilo analistahili. Jamaa zake zaidi ya 50 walipomtembelea ikulu mwaka 2006 alilipa gharama zao, zaidi ya rupia 350,000, kutoka mfukoni mwake. Lakini Rais wa India hana mamlaka ya utendaji kama aliyonayo Rais wetu wa Tanzania, na ndani ya mipaka hiyo miaka yake ilikuwa na mazuri na makosa. Mwaka 2006 aliurudisha bungeni muswada wa vyeo vya faida, yaani wa wabunge kushika vyeo vingine vya serikali, jambo lililohitaji ujasiri. Mwaka mmoja kabla, akiwa Moscow, alikuwa ametia saini tamko la kulivunja bunge la jimbo la Bihar, na Mahakama ya Juu baadaye ikasema tamko hilo lilikwenda kinyume cha Katiba. Maombi mengi ya msamaha ya waliohukumiwa kifo aliyaacha bila uamuzi. Ukiyasikia haya Kalam hapungui, na mwongozaji anayejua kazi yake angeyasema.

Kwa wageni wa kwetu lipo jambo jingine ambalo wakala huyu angelitumia vizuri akijua. Kalam alitembelea Tanzania Septemba 2004, wakati wa Rais Mkapa, na mwezi huo huo akasimama mbele ya Bunge la Afrika huko Afrika Kusini kupendekeza mtandao wa kuunganisha hospitali na vyuo vikuu vya Afrika na vya India. Mjomba aliukumbuka ugeni ule kwa sababu ya nywele. Alisema hakuwahi kuona mkuu wa nchi mwenye nywele ndefu za mvi zilizogawanywa katikati namna ile.

Chakula cha mchana kililiwa kwenye mgahawa wa mboga tupu, juu ya jani la mgomba: wali, mchuzi wa dengu wenye ukwaju, na mtindi wa kutuliza pilipili. Kwa kuwa Kalam mwenyewe hakula nyama, mlo huu uliendana na siku. Chai yao ya maziwa ni nzuri kuliko kahawa yao.

Kituo cha mwisho ni Dhanushkodi, ncha ya kisiwa inayotazama Sri Lanka, ambako kimbunga cha Desemba 1964 kiliufuta mji na kuizoa treni pamoja na abiria wake. Yamebaki magofu ya kanisa na ya stesheni, na mchanga. Ziara inapauza kama mji wa mizimu. Mwongozaji hakutaja kabisa kwamba huku ndiko mashua ya Mzee Jainulabdeen, baba yake Kalam, ilikokuwa ikileta mahujaji, na hivyo kituo hiki kikabaki kimekatika na vingine vyote. Ilibidi mimi nimkumbushe mjomba, naye akageuka kuangalia tulikotoka, akipima kwa macho upepo wa kaskazi ungeichukua mashua saa ngapi.

Kwa gari, dereva na uaminifu wa saa, natoa alama tano kati ya tano. Kwa maelezo natoa mbili, na zote mbili ni za Mtaa wa Msikiti. Anayesoma habari za Kalam kabla ya kwenda akodi gari na dereva peke yake, bila mwongozaji, atenge saa moja na nusu kwa kumbukumbu ya Pei Karumbu, na amwombe dereva ampitishe ufukweni. Asiyependa kusoma achukue ziara kama ilivyo, ila aulize mapema, kabla ya kulipa, habari za mwaka 1979. Tulirudi Madurai saa tatu usiku, mama mdogo akiwa bado macho, akitaka kujua kama tumemletea pipi za nazi.