Distributa ya Land Rover yangu: siku zote nilikuwa nalaumu pointi

Gari ni Land Rover Series III ya mwaka 1974, petroli, injini ya cc 2286, distributa yake (kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi) Lucas 25D4. Kwa miezi minne lilikuwa linamisi. Barabarani linavumilika, ila ukisimama kwenye taa linatetemeka kama lina homa.

Nikabadilisha pointi (vile vibati ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke) mara tatu, kondensa mbili, plagi, hata koili. Kila mara linatulia siku mbili tatu, kisha yaleyale. Fundi wangu wa mtaani akaanza kuitolea macho kabureta.

Jumapili moja nikafungua kofia ya distributa mwenyewe. Nikazungusha injini kwa hendeli hadi pointi zikaachana kabisa, nikapitisha fila (kibati cha kupimia pengo) ya milimita 0.38. Sawasawa, maana kitabu kinataka 0.35 hadi 0.40. Halafu nikaisukuma shafti ya distributa pembeni kwa kidole gumba, na lile pengo likafumba karibu lote! Bushi, ile pete inayoshika shafti, imekwisha. Shafti ikicheza hivyo, kila pistoni inapata cheche kwa saa isiyo yake, na pointi ningenunua hata gunia zisingesaidia.

Nikaipeleka distributa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi wa kukereza. Kwa shilingi 45,000 alichonga bushi ya shaba, akaifuatisha na shafti ilivyolika badala ya vipimo vya kitabuni, jambo lililonifurahisha. Bushi ya kiwandani ina vitundu vinavyonyonya oili. Shaba ya kipande hainyonyi, kwa hiyo nilimwomba achimbe kimfereji ndani. Hakubisha.

Alichoniudhi ni kurudisha kile kijino cha chini ya shafti, kinachoshikwa na pini na kuunganisha distributa na injini, kikiwa kimegeuka. Kijino hicho hakiko katikati, kinaingia upande mmoja tu, na kikigeuzwa rota (kile kidole kinachozunguka kupeleka moto) inatazama silinda ya nne wakati ya kwanza ndiyo inayotaka moto. Gari likapiga baruti, mbwa wa jirani wakakimbia. Nikairudisha, akagonga pini, akageuza, bila malipo na bila pole. Nampa nyota nne. Ile ya tano iko palepale kwenye pini, angetia alama kabla ya kuing'oa.

Wakati imefunguliwa, nilinyonya kwa mdomo mpira wa vakyumu (kile kikopo kinachosogeza saa ya cheche kwa mvuto wa injini): ulimi ukanasa, maana yake ngozi ya ndani nzima. Waya mdogo wa athi chini ya bamba linalobeba pointi ulikuwa umebaki nyuzi mbili. Weka waya laini wa nyuzinyuzi, mgumu utakatika kwa sababu bamba linachezacheza. Rota mpya ya dukani niliiacha kwenye boksi. Nyingi za zile zenye ribiti zinavujisha moto kwenye shafti, na ya zamani bado nzima.

Nimekwenda Bagamoyo na kurudi mara mbili. Kwa taa ya taimingi, ya kukagua saa ya cheche, ile alama ya puli, iliyokuwa inarukaruka, sasa imetulia. Nikifungua kofia naangushia matone mawili ya oili chini ya rota, na pointi ni zilezile tangu Machi.