TAHADHARI: Kambi ya RV milimani inayouza umeme na maji ambayo haina

Ndugu zangu mnaopanga safari ya gari kupitia milima ya Rocky, hasa upande wa Colorado, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna kambi ya RV (yale magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani) inayojitangaza kuwa kila nafasi ina maji, umeme wa ampea 50 na bomba la maji taka. Haina. Jina silitaji kwa sababu madai yangu bado yako benki, na isitoshe wameshabadilisha jina kwenye matangazo yao, kwa hiyo kulijua kusingewasaidia sana. Kitakachowasaidia ni kujua wanavyocheza.

Mlima ndio mshirika wao. Ukidanganywa na hoteli ya mjini, unavuka barabara unaingia nyingine. Huku juu una gari refu kama basi, giza limeingia, watoto wamechoka, mtandao wa simu unakuja na kupotea, na barabara ya kuteremkia ni kona tupu bila taa. Utaenda wapi? Utalipa tu. Ndiyo maana ujumbe wao wa kuthibitisha unakutaka ufike baada ya saa moja usiku, eti ili nafasi iwe imesafishwa. Kambi za kawaida huanza kupokea wageni mchana. Ukiona mtu anakusisitizia ufike usiku mlimani, shtuka hapo hapo.

Msimamizi alitupokea vizuri sana, maneno matamu, akatuongoza kwa tochi hadi kwenye nguzo ya umeme. Namulika: soketi ina matundu matatu. Wazoefu wa RV wameshaelewa. Soketi ya ampea 50 ina matundu manne; inaleta nyaya mbili zenye moto, kila moja volti 120, jumla unaweza kutumia hadi wati 12,000. Ya ampea 30 ina matundu matatu na waya mmoja wenye moto, wati 3,600 basi. Ukisikia 50 na 30 unadhani umepungukiwa kidogo, kumbe umepewa chini ya theluthi ya ulichokilipia. Nilipolalamika akasema adapta ipo, anakodisha. Adapta! Kubadilisha mdomo wa chupa hakuongezi maji yaliyomo.

Na hiyo 30 yenyewe ilikuwa ya kuandikwa tu. Kipima volti changu kilisoma 108, majirani walipowasha hita kikashuka chini ya 100. Hili si jambo la kupuuza. Volti ikishuka, mota ya kiyoyozi au kompresa huvuta ampea nyingi zaidi kufidia, inachemka, na ikiendelea hivyo inaungua. Kifaa changu cha kulinda gari hukata umeme ukifika chini ya 104, kwa hiyo kilikata, tukalala na mablanketi. Mzee wa gari la pili hakuwa na kifaa hicho. Asubuhi plagi yake ilikuwa imeyeyuka na kung'ang'ania kwenye soketi. Tukazikagua nguzo nyingine kwa mwanga wa jua: soketi zimelegea, zimeungua rangi ya kahawia, na ni wazi laini moja imepitishwa nguzo hadi nguzo kuliko inavyoweza kubeba.

Maji nayo yalikuwa yamefungwa, sababu ikiwa "baridi". Hapa wanachanganya kweli na uongo. Ni kweli kwamba kwenye miinuko ile kunaweza kuganda usiku hata Septemba, wakati mwingine hata Juni. Lakini kambi inayojua kazi yake huweka bomba lisiloganda, ambalo vali yake iko chini kabisa ardhini mahali baridi isikofika, na ukifunga maji yaliyobaki juu hujimwaga yenyewe. Wao wana bomba la kawaida la bustanini. Bomba la maji taka lipo, ila lina kufuli, na ufunguo una ada yake. Juu ya hapo kuna "ada ya msimu" na ada ya mita ya umeme. Mita peke yake si kosa, kambi nyingi huwapimia umeme wanaokaa mwezi mzima. Kosa ni kuitaja ukiwa umeshashusha jeki na kuzima injini.

Ukikataa umeme wao wanakwambia washa jenereta yako. Jueni hivi: hewa ya juu ni nyepesi, na jenereta hupoteza takriban asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Ukiwa futi 9,000 karibu theluthi imekwenda. Ile iliyokuwa ikiendesha kila kitu pwani huenda isiwashe hata kiyoyozi huku.

Picha za tangazo zina ziwa. Ziwa halipo. Ingieni kwenye ramani ya setilaiti mtaona uwanja wa kokoto na paa moja. Kagueni hivyo kwa kambi yoyote kabla ya kulipa, ni dakika chache tu. Kisha ombeni picha ya nguzo ya nafasi yenu wenyewe, namba ionekane na matundu ya soketi yahesabike. Muuzaji wa kweli anatuma. Wangu aliniambia nguzo "zinafanyiwa ukarabati", na akahamia haraka kwenye habari ya punguzo. Ada zote ziandikwe kwenye ujumbe, si kusemwa kwa simu.

Pia kuna madalali wa simu wanaouza nafasi "ndani ya Yellowstone, umeme na maji kila kitu", yaani kwenye ile hifadhi ya taifa. Ndani ya Yellowstone kambi yenye umeme, maji na maji taka ni moja tu, Fishing Bridge. Akikutajia nyingine, kata simu.

Sasa hela. Hilo punguzo lenyewe lilikuwa na sharti: ulipe kwa Zelle, huduma ya kutuma hela moja kwa moja kutoka akaunti ya benki hadi nyingine. Msikubali. Hela ukishaituma mwenyewe kwa Zelle, benki huhesabu umeidhinisha, na kuirudisha ni shida kubwa. Nililipa kwa kadi ya mkopo, na hapo sheria ya Marekani ya mwaka 1974, Fair Credit Billing Act, inakupa nafasi: huduma isiyotolewa kama mlivyokubaliana ni sababu ya kupinga malipo. Unamwandikia aliyekupa kadi barua, kwa anwani yake ya malalamiko ya bili na si ile ya kupeleka malipo, ndani ya siku 60 tangu bili ya kwanza yenye malipo hayo itumwe. Debit kadi haimo kwenye sheria hii. Ushahidi wangu ni picha ya tangazo, picha ya soketi, picha ya kipima volti na ujumbe wao wa kuthibitisha. Malalamiko mengine nimepeleka ReportFraud.ftc.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kuripoti utapeli, na kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo.

Kwa wanaopita huko wiki hizi: wekeni mahali pa akiba kwenye ramani kabla hamjaanza kupanda, ili mkifika mkakuta maajabu muweze kugeuza. Ardhi nyingi za BLM (idara ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma) na za misitu ya taifa zinaruhusu kulala bure, mara nyingi hadi siku 14, ingawa hakuna maji wala choo, na sehemu nyingine zimefungwa, kwa hiyo someni masharti ya eneo husika. Pandeni tangi la maji likiwa limejaa na la maji taka likiwa tupu.

Na kama tayari mmelala kwenye kambi ya ziwa lisilokuwepo, itafuteni bili ya kadi muone ilitumwa tarehe gani. Nikipata majibu ya benki nitayaweka hapa chini.