CD ya Vaughn De Leath: mama kaimba, kava halisemi kitu

Nimeagiza hii CD kwenye duka moja la mtandaoni, na kabla sijaanza kulalamika niseme kabisa, sauti ya huyu mama ni ya kutulia uisikilize. Mwimbaji nampa nyota tano, waliotengeneza CD wanapata mbili tena nimewaonea huruma.

Kwa wasiomjua, Vaughn De Leath ni Mmarekani wa Illinois, kazaliwa 1894, mwimbaji wa soprano, yaani ile sauti ya juu kabisa ya kike. 1920 inasemekana aliimba kwenye mtambo wa redio wa majaribio wa mvumbuzi Lee de Forest kule New York, enzi hizo redio majumbani hata haijaingia. Sasa noti kali za soprano zilikuwa zinaogopwa, zinaweza kuunguza zile taa za kioo ndani ya mtambo, basi mama akashusha sauti akaimba polepole, karibu na maiki, hakuna kupiga kelele. Wengi wanasema ule uimbaji laini wa redio ulianzia hapo, waimbaji wakina Bing Crosby wamekuja baadae wakatajirika nao.

Weka Are You Lonesome Tonight ya 1927 uelewe nachosema. Wengi tunaijua ya Elvis ya 1960, huyu kaitangulia kwa miaka 33 bana! Soprano mwingine angeitumia kuonyesha mapafu, yeye anaibana, kila neno unalipata, yani ni mtu anaongea na wewe mezani. Ukulele Lady ya 1925 ndo ya kuchangamka, wanangu wameikariri na hawajui hata inasema nini.

Haya tuje kwenye CD. Hao jamaa wamesafisha mikwaruzo mpaka wamesafisha na sauti, kuna nyimbo mama anasikika yuko ndani ya ndoo, mi bora wangeniachia mikwaruzo yangu. Halafu kava halina mwaka hata mmoja, wala halisemi wimbo ulitoka kwa jina gani, na huyu mama alirekodi kwa majina kibao, Mamie Lee, Sadie Green, Betty Brown, sasa mtu anayetaka kufuatilia anaanzia wapi? Wameandika tu kwa maandishi makubwa kwamba ndo mama wa kwanza wa redio (First Lady of Radio), bila kueleza kuwa cheo hicho alikipigania mpaka akamshtaki mwimbaji mwenzake Kate Smith 1931 kwa kukitumia. Kafa 1943 Buffalo, ana miaka 48, hela hana. Hayo yote yangeenea kwenye karatasi moja tu ndani ya kava.

Bei sio mbaya ila kwa kazi hii ni kubwa. Ukipata ya watu wengine yenye miaka na majina, chukua hiyo. Ukiikosa nunua hii, sikiliza kwa earphone, na namba 7 na 8 ruka tu.